Upande Wako wa Wimbo

Kapata, Kolwezi
Jumatatu asubuhi, kabla sijakwenda kazini

Odette wangu, mke wangu,

Nimeandika "mke wangu" kisha nikaiweka kalamu chini ili niyatazame vizuri maneno hayo. Bado ni mapya kwangu kama kile kitenge tulichofunikwa nacho mabegani siku ya harusi, na bado yananichekesha peke yangu kama mjinga. Mke wangu! Umeamkaje? Mguu wa mama mkwe umepoa, au bado anaukanda kwa maji ya chumvi na kugombana na watu wa zahanati? Watoto wako wa darasa la sita wanakusikiliza, au wanasikiliza treni? Na wewe mwenyewe unakula? Nauliza kwa sababu nakujua: ukianza kusahihisha madaftari unasahau sufuria motoni, na mimi siko hapo kuiepua.

Mimi ni mzima, mpenzi. Mikono ina alama ndogondogo za cheche, lakini hizo ni za kazi ya kuunganisha vyuma, haziumi. Kinachouma hakionekani, nami nitakueleza hapa hapa, maana wewe peke yako ndiye wa kuelezwa.

Jana kwenye simu nilianza kukwambia jambo lililotokea kanisani, mtandao ukatukata. Ndiyo maana naandika upesi, barua hii isafiri na yule mama muuza samaki wa chumvi anayepanda lori la Dilolo kesho. Katika lori hilo hilo kutakuwa na watu wenye midomo. Watakwambia kwamba mumeo alichekwa mbele ya kanisa zima, na kwamba kuna msichana alitajwa. Yote mawili ni kweli. Soma mpaka mwisho kabla hujakunja uso.

Kwanza nikuelezee ninavyoishi, uweze kuniona. Chumba changu kiko nyuma ya nyumba ya Tata Mukendi, mzee mstaafu ambaye baba yake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi, naye mwenyewe akaifanya mpaka nywele zikawa nyeupe. Nyumba za hapa zimejengwa na kampuni ya zamani, zimepangwa mistari, zinafanana hata wiki ya kwanza niliingia kwa jirani nikavua viatu na kuketi mezani. Walinikaribisha sahani ya bukari, ugali wa huku, kabla ya kuniuliza mimi ni nani. Asubuhi napanda pikipiki ya taksi mpaka karakana, upande wa Musonoi, ambako tunashona kwa moto mabakuli ya malori yaliyopasuliwa na mawe. Mchana wanapolipua mgodini, ardhi inaguna na kikombe kinatembea chenyewe juu ya meza. Vumbi ni jekundu. Nimefua shati lile jeupe la harusi, likakauka kwenye kamba, likarudi ndani na rangi ya udongo. Sikulifua tena. Nimelikunja nikaliweka chini ya mto, na usinicheke.

Kazi inanishughulisha. Jioni ndiyo mbaya. Kila nyumba inawasha moto wake, nasikia wake wakiwaita waume kuja kula, nasikia vijiko, nasikia mtu akikohoa na mwingine akimwambia "pole". Neno dogo hilo, Odette! Nimekohoa wiki nzima kwa vumbi na hakuna aliyeniambia. Juzi nilijiambia mwenyewe, kwa sauti, halafu nikaona haya.

Kwa hiyo kwaya ndiyo iliyoniokoa. Tata Mukendi ndiye mwalimu wake, na yeye aliponisikia nikiimba nikioga alinigongea mlango wa bafu kabla sijamaliza kujisuuza. "Weye! Ile sauti ni ya tenor! Alhamisi unakuya." Basi Alhamisi nikaenda, na tangu hapo Alhamisi ndiyo siku yangu ya kuwa mtu kati ya watu.

Ungempenda mzee huyu. Hafundishi wimbo kabla ya kueleza ulikotoka. "Hapa hatuimbe kintu kama hatujue kwenye ilitoka," anasema, na anapiga meza. Yeye aliyasikia mambo haya kwa padri mmoja wa zamani aliyemfundisha kinanda, na mkewe, Mama Ngalula, humkata kila mara: "Hiyo padri alikuambia ao uliota?" Lakini mimi ninasikiliza mdomo wazi. Anasema Wakristo wa kwanza kabisa hawakuwa na nyimbo zao. Waliimba zaburi za Wayahudi, walizonyonya kwa mama zao, na Bwana mwenyewe aliimba hizo hizo pamoja na wanafunzi wake usiku ule kabla ya kwenda Mlima wa Mizeituni. Hebu fikiria, Odette, anajua kesho yake kuna nini, na bado anaimba sifa. Halafu taratibu wakaanza kutunga zao za kumsifu Kristo, na hakuna aliyeandika jina lake chini. Kuna wimbo wa kuwasha taa jioni, wa Kigiriki, wa kale sana. Askofu mmoja wa karne zile za mwanzo alipoutaja, hata yeye hakujua ni nani aliyeutunga. Watu waliuimba nyumbani tu, mwanga ulipoingia.

Mimi nilipousikia huo wa taa nilishtuka, nikakukumbuka wewe. Maana ni nini wimbo wa bibi yako kama si huo? Bibi aliyekuwa akiuimba kwa Kichokwe akiwasha koroboi, nasi tukautia Kiswahili pale kituoni Dilolo, tumekaa kwenye reli iliyolala, tukisubiri treni ambayo hatukuwa na haja nayo. Upande wangu maswali, upande wako majibu. Uliniambia, "Faustin, wewe umezaliwa kuuliza." Nikakuuliza kama utaolewa nami. Unaona? Ulisema kweli.

Sasa jambo lenyewe. Kwaya hii ina desturi yake. Kila mwaka kuna Jumapili moja wanayoiita ya nyumba mpya. Waliooana mwaka huo wanasimama, mume upande wa wanaume, mke upande wa wanawake, njia ya katikati iko baina yao, na wanaimba sifa moja waliyoichagua wao, mume anaanzisha na mke anaitikia. Tata Mukendi anasema hiyo ndiyo namna ya mwanzo. Anasema hata liwali mmoja wa Kirumi, aliyekuwa akiwachunguza Wakristo, alimwandikia mfalme wake kwamba watu hawa kosa lao ni kukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristo kwa kupokezana, kama mtu anavyomwimbia mungu. "Kwa kupokezana!" anapiga meza. "Hata adui alisikia kama beko pande mbili!"

Wakiisha kuimba, wanahesabiwa nyumba moja katika parokia. Na wazee wa cité, mtaa wetu huu, wana neno lao: anayekuitikia siku ile ndiye mkeo. Wanalisema kwa mzaha, lakini unajua mzaha wa wazee ulivyo.

Mimi mjinga, niliposikia anauliza nani ameoa mwaka huu, niliinua mkono. Nilikuwa na furaha, Odette! Nilitaka wote wajue. Niliinua hata mkono wa pili. Tata Mukendi akaniandika, na siku ile ndipo Mama Ngalula akauliza, huku akimenya mihogo:

"Na bibi yako anakuya siku gani? Ama njo bibi ya ku simu? Kila siku tunamuona mu picha, ku meza hatumuone."

Nikaeleza kwamba wewe ni mwalimu, una darasa la sita, huwezi kuwaacha watoto kabla ya mtihani wa serikali. Lakini jina langu lilikuwa limeshasomwa kwa padri, na wimbo wa bibi yako ulikuwa umeshawekwa wa kufungulia ibada, maana Tata Mukendi aliusikia mara moja akasema huo ndio wa taa, huo umetoka mbali.

Hapo ndipo anaingia Mado. Mado ni sauti ya kwanza ya wanawake, msichana mcheshi, ana mchumba wake dereva wa pikipiki anayemngoja nje kila Alhamisi akipiga honi. Yeye ndiye aliyejaribu kuniokoa kwanza.

"Tata, bibi yake atume sauti ku simu. Tutaiweka ku bafle, isikike kanisa yote."

"Simu haikubatizwa," akasema Tata Mukendi.

"Na bafle?"

"Bafle ni mupagani kabisa. Inapiga ku kilabu siku ya posho, kesho yake inakuya huku Siku ya Mungu bila hata kuungama."

Watu wakacheka mpaka wakafuta macho. Mimi sikucheka sana, kwa sababu wewe na mimi tulishajaribu simu, unakumbuka? Nikaimba swali, jibu lako likachelewa njiani, nikadhani umenyamaza, nikaimba la pili, la kwanza likafika juu yake. Tukawa kama watu wawili wanaopishana mlangoni. Ulicheka. Nami nilicheka, lakini nilipokata simu chumba kilikuwa kidogo kuliko kabla sijapiga.

"Basi Mado atamuitikia," akasema Tata Mukendi. "Anajua sauti yote. Imekwisha."

"Mi niko tayari," Mado akasema, "lakini ule wa pikipiki mumwambie weye mwenyewe, Tata. Mi siko mule."

Nilisema hapana. Nilisema polepole, kwa heshima, huku nimeshika kofia. Nikasema huo ni upande wa mke wangu. Tata Mukendi akaniangalia kama chuma kilichokataa kushika. Akasema wimbo ni wa Mungu, si wa mke wangu. Kama siimbi na Mado basi nisiimbe, na kama siimbi baada ya jina langu kusomwa, namwaibisha, na Alhamisi nisije tena.

Nilirudi chumbani. Ukuta ni mmoja, niliwasikia wakila. Odette, sikufichi, nilifikiria kukubali. Nilijiambia: ni sauti tu, ni Mado, ana wa kwake, nani atajua? Kwa sababu bila Alhamisi nina nini? Nina karakana, nina vumbi, nina shati chini ya mto. Wiki nzima nilitembea na neno "ndiyo" mdomoni kama tembe ya kwinini, silimezi, silitemi. Hata Jumamosi nilimwambia Mado tujaribu. Tulisimama uani. Nikaimba swali la kwanza. Akaitikia vizuri sana, sauti nzuri kuliko yako, nisamehe, wewe mwenyewe unajua ile ya juu huifikii na unaifunika kwa kikohozi. Nami nikakisubiri kile kikohozi. Hakikuja. Swali la pili sikuliimba.

Mado akaniangalia. Akasema, "Ee, ndugu yangu. Weye uko mugonjwa ya bibi." Akaenda zake, hakusema zaidi, na honi ikalia.

Usiku ule nikakumbuka jambo lingine la Tata Mukendi. Alituambia mtume alipokuwa kifungoni aliwaandikia watu wake barua, na katikati ya barua akaweka wimbo. Wenye elimu wanadhani hakuutunga yeye, aliukuta kwa Wakristo waliokuwa wakiuimba tayari: yeye aliyekuwa sawa na Mungu akajishusha, akawa mtumwa. Ukisoma utaona maneno yanabadilika mwendo, yanaanza kucheza. Nikajiuliza kwa nini aliuweka pale. Sijasoma mambo hayo, nimemaliza sekondari tu, lakini mimi nadhani najua. Aliuweka ili ule mstari ukifika kule, wasome na sauti ziwapande zenyewe. Yeye yuko kwenye minyororo, hawasikii. Lakini anajua watauimba. Anawasikia kabla hawajaimba.

Basi jana nilikwenda nimevaa shati letu lenye rangi ya udongo. Jina likaitwa. Nikasimama upande wa wanaume. Ng'ambo ya njia Mado akasimama pia, maana Tata Mukendi alimwamuru. Taa ya altare ikawashwa. Nikaimba:

"Jua limeinama, nani amebaki macho?"

Nikanyamaza. Nikakuachia nafasi yako, urefu wake wote, kama unavyovuta pumzi wewe, na kikohozi chako ndani. Mado alikuwa ameshafungua mdomo. Akaniona. Akaufunga, akaketi chini taratibu, akakunja mikono. Mungu ambariki na mwenye pikipiki wake.

Nikaimba la pili: "Nyumba imeingia giza, nani ameshika moto?" Kimya tena. Hapo vijana wa nyuma wakaanza kucheka. Nawaelewa. Mtu mzima amesimama kanisani anauliza maswali na hakuna anayemjibu. Mmoja akasema kwa sauti, "Amesahau!" Mwingine: "Hapana, bibi njo amemusahau!" Kanisa likacheka, hata padri aliinamisha kichwa. Masikio yakaniwaka. Tata Mukendi ananipigia vidole, endelea, maliza, kaa chini. Lakini sikuweza kuukimbia upande wako. Kama ningeupunguza hata kidogo, ningekuwa nimekupunguza wewe.

La tatu. La nne. Sijui ni lini kicheko kilikwisha. Nilisikia tu kwamba kimya kimebadilika, kimekuwa kimya cha watu wanaosikiliza. Nikaona mwanamke mmoja mzee, sijui jina lake, ananong'ona kitu wakati wa zamu yako, midomo inatembea, na sijui anamjibu nani. Nikafika swali la mwisho. Nikaliachia nafasi yake. Ule mstari wa kumalizia, wa kuimba sisi wawili pamoja, sikuuimba. Nikaketi.

Nje Tata Mukendi alinijia mbio, tai imemgeukia mgongoni.

"Umeniharibia Jumapili! Nusu ya wimbo! Nusu si wimbo! Alhamisi usikanyange huku!"

Mama Ngalula akasogea akiwa na mkoba wake kichwani. "Baba, ngoja kwanza. Wimbo ilikwisha?"

"Haikukwisha! Njo ile mi nasema!"

"Kama haikukwisha, huyu eko katikati ya wimbo. Mutu eko katikati ya wimbo, unamufukuza namna gani?"

Tata Mukendi akatafuta kofia yake, iliyokuwa kichwani. Akaenda mpaka kwenye geti, akarudi, akasema hata bila kunitazama, "Basi abaki. Lakini atakaa ku banki ya bavijana mupaka bibi yake akuye kumaliza. Na akuye na nguo ya kwaya, mi sitamununulia."

Mama Ngalula akanicheka sana. Nami, kwa vumbi au kwa jambo lingine, nikakohoa. Akasema, "Pole, mutoto."

Kwa hiyo, mpenzi, mumeo ni mwanakwaya anayekaa benchi moja na wavulana wasioota ndevu, na wananiita Bwana Nusu. Napaswa kuona aibu. Naona fahari tu, na upweke mwingi, yote mawili katika kifua kimoja, hayagombani. Usiharakishe kuja. Wafikishe watoto wako kwenye mtihani, uwafaulishe wote, hata yule anayesikiliza treni. Nafasi yako haina mtu. Nimeilinda mbele ya mashahidi.

Nisalimie mama mkwe, umwambie auachie mguu upumzike. Nisalimie baba mkwe, umwambie koleo alilonipa linafanya kazi kila siku na halijapata kutu. Shemeji yangu mdogo aache kukutania kuhusu "mume wa picha". Hapa wameshanitania vya kutosha. Mama yangu umpelekee salamu wewe mwenyewe, kwa miguu, na ukae naye, ule kwake, maana yeye akila peke yake haongezi chumvi.

Na sasa fanya hivi kwa ajili yangu. Jioni barua ikifika, subiri mpaka mama awashe taa. Kisha soma upande wangu kwa sauti. Nimekuachia mistari mitupu. Usiijaze kwa kalamu.

Jua limeinama, nani amebaki macho?

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Nyumba imeingia giza, nani ameshika moto?

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Njia ni ndefu, nani anatembea nasi?

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Sauti yangu ni moja, nani atanipokea?

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Tumsifu nani, sisi tuliobaki wawili?

. . . . . . . . . . . . . . . . . . . .

Mstari wa mwisho siuandiki. Huo haujawahi kuimbwa na mtu mmoja.

Ni mimi, mumeo, niliye katikati ya wimbo,

Faustin